Harufu ya Kinywa: Kazi Kubwa Iko Usiku, Nyuma ya Ulimi

Mwezi wa sita na wa saba, hapa Mazwi mjini Sumbawanga, maji yaliyolala kwenye ndoo huuma meno kabla mswaki haujayagusa. Sumbawanga iko juu, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na baridi ya Ufipa haina huruma. Basi mtu anafanya haraka: anapitisha mswaki kwenye meno ya mbele, yale yanayoonekana akicheka, anasukutua mara moja, anatema, anakimbilia chai. Usiku ndiyo kabisa, nani atoke nje saa nne na kikombe cha maji ya baridi? Halafu mchana, kwenye foleni ya benki au ndani ya Hiace ya Laela, anaongea huku kiganja kimeziba mdomo, na moyoni anajiuliza mbona anapiga mswaki kila siku na bado kinywa kinanuka.

Kama huyo ni wewe, huna laana, wala hujaoza tumbo. Mara nyingi unasafisha pale ambapo harufu haitoki, na unasafisha saa ambayo haikusaidii sana. Vyote viwili vinarekebishika kwa vitu vilivyomo ndani ya nyumba yako.

Tuanze na tumbo, kwa sababu ndilo linalosingiziwa zaidi. Mtu akihisi kinywa kinanuka, hununua dawa ya minyoo, au dawa ya kuharisha ili "kusafisha tumbo". Lakini koo la chakula hukaa limefunga, hufunguka unapomeza au unapocheua, kwa hiyo hewa ya tumboni haipandi kila unapopumua. Katika watu kumi wenye harufu ya kudumu, wanane au tisa chanzo chao kimo kinywani humo humo. Ni bakteria wasiopenda hewa, wanaojificha nyuma ya ulimi, kwenye mfuko mdogo kati ya jino na ufizi, na ndani ya meno yaliyotoboka. Wanakula mabaki ya chakula, damu ya fizi na ngozi laini inayobanduka kinywani kila siku, kisha wanatoa gesi za salfa. Mojawapo ni ile ile inayonuka kwenye yai viza.

Anayepambana nao kwa niaba yako ni mate. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku, na mate hayo huosha kinywa muda wote. Ukilala, mate hupungua sana, nao bakteria wanabaki na kinywa chao usiku kucha. Ndiyo maana kila mtu huamka na harufu, hata bibi harusi. Hiyo ya alfajiri ikiondoka baada ya kusafisha kinywa na kula, si ugonjwa, isikusumbue akili. Ya kuishughulikia ni ile inayorudi saa nne asubuhi na kukaa nawe hadi jioni.

Utajuaje kama unayo? Kupumulia kwenye viganja hakusaidii sana, pua imeshaizoea harufu ya mwenyewe. Mchana, saa mbili hivi baada ya kula, chukua kijiko cha chai, kigeuze, ukwangue taratibu nyuma ya ulimi, kule mbali unakoona kichefuchefu kinakaribia. Tazama kilichokuja. Kama ni ute mzito mweupe au wa manjano, subiri sekunde chache kisha nusa kijiko. Harufu hiyo ndiyo anayoisikia mtu aliyekaa nawe kiti kimoja. Unaweza pia kulamba kifundo cha mkono kwa ndani, ukaacha pakauke, ukanusa.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni pua ya mtu mwingine. Mchague vizuri: mke au mume, dada mliyelelewa pamoja, bibi yako, ambaye hana sababu ya kukuficha. Usimuulize "eti mimi nanuka?" kwa sauti ya kuomba akatae. Simama naye hatua moja, hesabu moja hadi kumi kwa sauti ya kawaida, halafu mwambie, "Nataka ukweli, nitashukuru." Muulize siku mbili tofauti.

Sasa usiku. Kama una nguvu ya kusafisha kinywa kwa makini mara moja tu kwa siku, iwe kabla ya kulala. Mabaki ya ugali na maharage yakiachwa kinywani saa nane bila mate ya kuyaosha, utakuwa umewaandalia bakteria karamu. Asubuhi piga mswaki pia, lakini ule wa usiku usiukose. Na kikwazo chetu cha baridi kina dawa rahisi: ukimaliza kupika chakula cha jioni, weka kikombe cha maji pembeni ya jiko, makaa yanayozimika yatayapa uvuguvugu. Hutumii mkaa wa ziada. Mtu mwenye meno yanayoshtuka kwa baridi ataona tofauti siku hiyo hiyo, na mtoto aliyekuwa analia akiona mswaki atakoma kulia.

Chukua mswaki wenye nywele laini. Ule mgumu hausafishi zaidi, unachubua fizi na kula shingo ya jino. Anza na magego ya mwisho, upande wa ndani unaogusana na ulimi, kwa sababu huko mkono huchoka kabla ya kufika. Inamisha nywele za mswaki zielekee kwenye ufizi, nusu zikae juu ya jino na nusu juu ya ufizi, usogeze kwa mizunguko midogo, meno mawili mawili, bila kukandamiza. Kusugua kwa nguvu kwenda na kurudi, kama anayesugua sufuria lililoungua, huacha ukoga pale pale unapokaa, kwenye mstari wa ufizi. Zunguka ndani, nje na juu ya meno ya kutafunia, dakika mbili kamili. Siku ya kwanza tazama saa ya simu. Dakika mbili ni ndefu kuliko ulivyozoea.

Fizi zikitoa damu, usiache. Hapa wengi wanakosea, tena kwa nia njema: mtu akiona damu anadhani mswaki unamuumiza, basi anapakwepa mahali hapo, ukoga unazidi, ufizi unavimba zaidi, damu inaongezeka. Ufizi mzima hautoki damu kwa mswaki laini. Endelea kupasafisha polepole kila siku, sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye bilauri ya maji ya uvuguvugu, na ndani ya wiki moja au mbili damu itapungua. Isipopungua, huenda ukoga umeshakuwa mgumu, ule ugaga wa njano au kahawia ulioshikamana na jino. Huo hautoki kwa mswaki wowote. Unatolewa na tabibu wa meno kwa vifaa vyake, na meno yako hayatalegea kwa sababu ya kusafishwa, ingawa wapo watakaokuambia hivyo.

Dawa ya meno iwe na floraidi. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limeiweka dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa muhimu, kwa sababu inazuia meno kutoboka. Geuza boksi usome: iandikwe floraidi kati ya 1,000 na 1,500 ppm. Kujaza mswaki mzima kama kwenye tangazo ni kutupa hela. Kiasi cha punje ya njegere kinamtosha mtu mzima na mtoto wa miaka mitatu kwenda juu. Aliye chini ya hapo mpakie kiasi cha punje ya mchele, na umswakie wewe mwenyewe. Ukimaliza, tema povu lakini usisukutue kwa maji mengi, floraidi inayobaki iendelee na kazi usiku. Baada ya hapo ni maji tu. Chai ya mwisho yenye sukari, inayonywewa kitandani kwa ajili ya baridi, inaharibu kazi yote.

Na kila mtu awe na mswaki wake. Nyumba zenye watoto watano na miswaki miwili bado zipo, nasema hili bila kumhukumu mtu. Ufungie kila mmoja uzi wa rangi yake, uisimamishe kwenye kikombe ikauke kwa hewa, na ubadilishe nywele zikishapinda, kwa kawaida baada ya miezi mitatu.

Anayetumia kijiti cha mti asione aibu. Shirika la Afya Duniani liliunga mkono miswaki ya miti tangu 1986 kwa watu ambao ni desturi yao, na kikitumiwa vizuri kinasafisha. Chukua kile kile wazee wako walichokitumia, usijaribu mti usioujua. Kitafune ncha mpaka nyuzi zilainike, sugua kila jino kutoka kwenye ufizi kwenda kwenye ncha ya jino, ndani na nje, na ukate ncha hiyo ukimaliza ili kesho utafune mpya. Kasoro yake ni kwamba vijana hukitafuna upande mmoja wa mbele huku wakitembea, magego yanabaki vile vile, na kijiti hakikupi floraidi ya dawa ya meno. Mkaa uliosagwa ndio ningekuomba uuache. Meno yanaonekana meupe kwa sababu yanakwanguliwa, na gamba la juu la jino likishalika halioti tena.

Tumefika kwenye ulimi, na hapa ndipo nataka usome taratibu, maana mtu anaweza kuwa na meno meupe kabisa na harufu kali. Ulimi kwa nyuma una vinyweleo na mifereji midogo, na utando unaokaa humo ndio chanzo kikubwa cha harufu kwa mtu ambaye fizi zake ni nzima. Si lazima ununue kikwanguo. Kijiko cha chai, cha chuma, kinatosha. Toa ulimi nje, kiinamishe kijiko, kiweke nyuma kadiri unavyoweza kuvumilia, ukivute mbele kwa mkono mwepesi. Suuza kijiko, rudia mara tano au sita, hadi kinachokuja kiwe mate ya kawaida. Kichefuchefu kinapungua ukitoa pumzi nje wakati unavuta, na siku za mwanzo anza katikati ya ulimi, kila siku sogea nyuma kidogo. Usikwangue mpaka usikie maumivu. Kijiko hicho kiwe chako peke yako, kisirudi kwenye sukari. Fanya hivi usiku kwa wiki mbili kabla ya kuamua kwamba umeshindwa.

Katikati ya meno, mswaki hauingii. Msimu wa mahindi ya kuchoma kila mtu anajua ganda la punje linavyoweza kukaa kati ya magego siku mbili, na uzi wa nyama choma ni hivyo hivyo. Uzi wa meno unauzwa kwenye maduka ya dawa: upitishe taratibu, ukumbatie jino moja, upandishe na kushusha, kisha jino la pili. Ukiukosa, tumia kijiti laini cha meno bila kuchoma ufizi. Pini, sindano na njiti ya kiberiti si vya kinywani. Sehemu moja ikinasa chakula kila unapokula, na uzi ukitoka pale unanuka, mara nyingi pana tundu. Ikumbuke sehemu hiyo, utamwonyesha tabibu.

Chakula chenyewe kina lawama ndogo kuliko tunavyodhani. Migebuka na dagaa wanaopandishwa kutoka Kasanga na Kirando huacha harufu inayoondoka ukisukutua na kukwangua ulimi. Kitunguu swaumu ni kesi nyingine: gesi yake huingia kwenye damu na kutokea kwenye mapafu, kwa hiyo hata upige mswaki mara tatu, utaendelea kuitoa kwa saa kadhaa. Ukile jioni unapokuwa nyumbani. Maziwa yakinywewa pamoja na chakula hicho huipunguza, nasi Ufipa maziwa hayatupigi chenga.

Baridi inatudanganya kwenye maji. Kiu haiji, mtu anapitisha siku nzima na vikombe viwili vya chai, kinywa kinakauka, harufu inapanda. Kwa dereva wa bodaboda anayekata upepo wa Julai mdomo wazi, hali ni mbaya zaidi. Kunywa maji hata bila kiu, ya moto ukipenda. Pumulia pua. Ukiwa kwenye mfungo, wa Kwaresima au wa Ramadhani, safisha kinywa na ulimi baada ya mlo wa mwisho, usiende kulala na daku mdomoni. Sigara na ugoro hukausha kinywa na kuharibu fizi, pombe nayo hukausha. Anayevitumia asitegemee kijiko na mswaki vifanye muujiza. Pipi ya mnanaa hufunika harufu kwa dakika chache, na sukari yake inalisha wale wale unaowafukuza. Kama lazima utafune kitu, tafuta bigijii isiyo na sukari, walau inaita mate.

Umefanya haya yote wiki mbili, usiku kwa usiku, na bado? Nenda kwa tabibu wa meno. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iko hapa hapa mjini. Naomba uende kabla jino halijauma, kwa sababu wengi wetu tunamjua tabibu wa meno kama mtu wa kung'oa, basi tunamfuata jino likiwa halina tena la kufanywa. Tundu dogo linazibika. Tena kuna njia ya kuziba jino iliyoanzia Tanzania: katikati ya miaka ya 1980, wataalamu wa meno wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianza kuondoa sehemu laini iliyooza kwa vifaa vya mkono tu, bila mashine ya kutoboa wala umeme, na kuziba kwa simenti inayoshikamana na jino. Ilifikiriwa kwa ajili ya mahali ambapo umeme haufiki. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliitangazia dunia, na leo inatumika katika nchi nyingi. Basi anayeogopa sauti ya ile mashine aulize: "Hili linaweza kuzibwa kwa vifaa vya mkono?" Swali hilo linaweza kuliokoa jino.

Mweleze tabibu na dawa unazotumia, kwa maana baadhi ya dawa za presha, za mzio na za msongo wa mawazo hukausha kinywa. Usiziache mwenyewe. Mjamzito asisubiri kujifungua. Fizi huvimba kirahisi wakati wa mimba na matibabu yapo. Mwenye meno bandia ya kuvua ayavue usiku, ayasugue kwa mswaki na sabuni, ayalaze kwenye maji safi. Vijiwe vidogo vyeupe vyenye harufu mbaya vinavyotoka kooni ukikohoa ni vya mafindofindo, na makamasi mazito yanayoshuka nyuma ya pua nayo hunuka. Hayo ni ya daktari wa masikio, pua na koo.

Mawili usiyacheleweshe. Pumzi yenye harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, pamoja na kiu isiyoisha, mkojo wa mara kwa mara na kupumua kwa kina, inaweza kuwa sukari iliyopanda vibaya: hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto mdogo ambaye ghafla ananuka, huku kamasi chafu ikitoka tundu moja tu la pua, mara nyingi ameingiza kitu. Ufipa ni nchi ya maharage na mahindi. Punje ikikaa puani inanyonya unyevu, inavimba, inaoza. Usiichokonoe kwa kijiti cha nyumbani, utaisukuma ndani. Mpeleke kituo cha afya.

Vidonge vya kuua bakteria vya kununua dukani bila kupimwa achana navyo. Harufu itapungua siku chache na kurudi, kwa sababu ukoga na tundu bado vipo.

Labda anayenuka si wewe, ni mtu wako. Kumwachia pipi mezani, kugeuza uso au kumsimulia jirani kunamuumiza na hakumsaidii. Mwite pembeni, mkiwa wawili. "Shemeji, ningekuwa mimi ningependa uniambie. Siku hizi nasikia harufu ya kinywa, huenda ni jino. Nilisoma kwamba kukwangua ulimi kwa kijiko kunasaidia. Tukienda hospitali nitakusindikiza." Maneno matatu manne, kisha hamisha mazungumzo ili apumue. Kwa mwanafunzi, mwalimu aseme naye peke yake, au na mama yake, kamwe si mbele ya darasa. Mtoto aliyeaibishwa hujifunza kukaa kimya darasani.

Na wapo wanaoteseka bila kunuka. Kila mtu akigusa pua, wanajua wao ndio sababu. Akifungua dirisha la gari, ni kwa ajili yao. Wameacha kusali karibu na watu, wameacha kuimba kwaya, wanapiga mswaki mara sita kwa siku hadi fizi zinachubuka. Kama wawili unaowaamini wamekwambia hawasikii kitu, kwa siku tofauti, na tabibu amekagua asione chanzo, yachukue maneno yao kwa uzito ule ule ambao ungeyachukua kama wangesema unanuka. Punguza kupiga mswaki hadi mara mbili. Hofu isipoondoka, hiyo hofu ndiyo yenye kutibiwa, nayo inatibika: mwambie daktari hivyo hivyo, "Nimeambiwa sinuki, lakini siwezi kuacha kufikiri kwamba nanuka, na nimeanza kujitenga," akuunganishe na mtaalamu wa afya ya akili.